Visanduku Viwili

Ngumbao wa Kisauni, muuza maji,
ndiye kitanda cha kumi na nne.
Nilimjua kabla sijazijua figo zake.
Miaka sita alisimamisha mkokoteni mlangoni kwetu,
akapiga mbao kwa kiganja:
"Ya Mzima haya, si ya kisima!"
Na ukimwambia mtungi haukujaa
huuinamisha kidogo, tone likachungulia mdomoni.
"Umeona? Mimi sipunji."

Aliletwa Jumanne. Gurudumu lake mwenyewe
lilimpanda wayo pale kona ya Kongowea,
kidonda kikanuka, homa ikapanda.
Kabla ya hapo siku tatu za kuhara,
na vile vidonge vya rangi mbili vya dukani,
vya mgongo, akivitafuna kama njugu.
Tukampa sindano ya kuua wadudu. Dawa nzuri.
Dawa nzuri inayotaka maji mwilini
na mtu wa kuhesabu.

Alhamisi maabara ikaleta karatasi.
Daktari Bashuaibu akaisoma mara mbili, akavua miwani.
"Figo hazijafa," akasema. "Zimezimia."
Akauliza, bila ukali, na afadhali angekuwa mkali:
"Usiku amekojoa kiasi gani?"

Nikatazama chati.
Saa tatu, kisanduku kitupu.
Saa sita, kisanduku kitupu.
Zamu yangu. Mwandiko wangu juu, mwandiko wangu chini,
katikati weupe.

Wagonjwa arubaini na mmoja, wauguzi wawili,
mzee wa kitanda cha tatu akikata roho,
mwanawe kanishika mkono, haniachi.
Yote kweli. Hakuna aliyeniuliza.
Figo hazina kelele, hilo ndilo baya lake.
Moyo hugonga, pafu hukohoa,
tumbo lina ghasia ya sokoni,
figo hunyamaza tu
kama mpangaji anayehama usiku.

Sasa napima kila saa.
Nachutama kando ya kitanda, tochi ya simu mdomoni,
nasoma mistari ya mfuko
na ule mkojo rangi ya chai ya mkandaa.
Saa saba: kumi.
Saa nane: kumi na mbili.
Saa tisa: kumi na mbili tena, hata chozi halikuzidi.
Haba na haba, husema watu. Kibaba ni kikubwa mno.
Mimi ningepokea kizibo cha soda.

Miguu imefura, kope zimefura,
maji yamejaa ndani na njia hayana.
Yeye aliyenywesha mtaa mzima
leo kaamriwa vikombe viwili kwa siku,
na Kadzo, mkewe, aliyejilaza chini juu ya leso,
anakilinda cha pili kama mahari.

Kabla ya adhana ya alfajiri akafungua jicho moja.
"Muuguzi. Imefika ngapi?"
"Thelathini."
"Thelathini nini?"
"Mililita."
Akafikiri, kama mtu anayepatana bei.
"Kwa hizo, mimi mkokoteni sisimamishi."
Tukacheka. Kicheko kikamgeuka kikohozi,
nami nikatazama dirishani.

Kalamu ninayo. Vile visanduku vingali wazi.
Ni rahisi: ishirini hapa, ishirini na tano pale,
tarakimu zenye adabu, hakuna wa kubisha.
Lakini mbele yangu kalala mtu
aliyekuwa akiinamisha mtungi
mpaka tone litoe ushahidi.

Naandika ya saa kumi na moja: thelathini.
Vile viwili naviacha vilivyo,
na pembeni yake naweka jina langu, lote,
Mwanamvua Bwanakheri,
lisomeke.

Mfuko unaning'inia. Nimeuinamia
kama tunavyouinamia mfereji wa kwetu
siku ya zamu ya mtaa, ndoo chini,
bomba linapoanza kukoroma:
kwanza hutoka upepo,
upepo tu,
upepo.