Silabi Moja

Daftari ninalo mimi. Nimelifunika gazeti,
na juu ya gazeti nailoni ya sukari,
maana paa la ofisi ya kijiji hapa Mwamgongo
huvuja kabla mvua haijaamua kunyesha.

Jina, tarehe, chombo alichokuja nacho.
Bukuru, fyekeo.
Kiyoya, jembe, mpini ameukata njiani
(nje ya mpaka, kabla hujaniuliza).
Mpozemenya, reki ya kuazima na mtoto mgongoni.
Mbele ya kila mmoja naandika: amejitolea.

Hatulipwi. Mwaka juzi tulipewa fulana za kijani;
yangu sasa naepulia sufuria ya mawese.
Kila Juni tunaupanda mlima jua halijatoka,
tunaparua majani kandokando ya mpaka wa Gombe,
mita sita upana, mpaka udongo ubaki uchi,
ili moto ukija ukose pa kukanyaga.

Juu yetu, viota vya sokwe.
Kila jioni kitanda kipya, matawi mabichi,
asubuhi wanakiacha hata bila kutandika.
Changu nilikirithi kwa mama mkwe,
mguu wake mmoja ni tofali.
"Sasa hapa nani mtumishi wa nani?" aliuliza Rusimbi,
tukacheka hadi tukakaa chini na majembe yetu.

Rusimbi huyohuyo, mwaka uliofuata,
alinijia mikono mitupu.
"Shangazi, nifute. Mlima hauna mshahara.
Ziwani nalipwa dagaa kwa ndoo."

Sikumfuta. Nilipiga mstari mdogo
juu ya silabi moja katikati, le,
akabaki: amejitoa.
Nikashangaa jinsi inavyotosha.
Miaka minne ya malengelenge,
na kinachomtenga mtu na wenzake ni herufi mbili.

Kipande chake, pale kwenye kona ya mawe,
sikumpa mwingine.
Watu waliniuliza, nikasema nitapanga, nitapanga.
Nilitaka majani yaote, yaseme badala yangu.

Agosti, usiku usio na mwezi.
Moto ulishuka kutoka upande wa mashambani,
na sisi tuliolala chini ya mlima
mlima wenyewe ulitukinga tusiuone.
Waliouona ni wa ziwani.

Niliamshwa na injini. Nikatoka na kanga moja.
Taa za vipe, zilizokuwa zimetapakaa mbali
kama mtama uliomwagika,
zilikuwa zimegeuka zote, zinakuja kwetu,
na dagaa wameachwa nyuma gizani.

Tulipanda pamoja, bila kupeana hata mwakeye.
Moto ulifika kwenye mita zetu sita
ukasimama, ukinyoosha shingo,
kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu.
Ukatembea pembeni, unatafuta mlango.
Mimi nilijua mlango uko wapi.

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia hivyo tangu uchumba.
Kwenye kona ya mawe majani yalifika kifuani,
makavu, yananong'ona,
na katikati yake mtu alikuwa ameshatangulia,
gunia limelowa maji ya ziwa, linanuka samaki,
anapiga, anakohoa, anapiga.

Hakuniuliza kwa nini hapakufyekwa.
Nami sikumwambia.
Nilivunja tawi, nikasimama kushoto kwake
mpaka moshi ukawa mweupe, na kukawa mweupe.

Huko juu sokwe walipiga kelele zao za asubuhi,
hawajui lolote, au wanajua lote.

Nimelifungua daftari. Kalamu imekauka,
nimetumia penseli ya mjukuu.
Le imekaa juu ya mstari, imejibana,
kama abiria aliyepanda mtumbwi umeshajaa.
Kwenye safu ya chombo: gunia, bichi.

Jina langu ni la kwanza kwenye ukurasa.
Mbele yake nimeandika amejito,
nikaishia hapo.
Penseli inahitaji kuchongwa.