Mia na Tano kwa Saa

Barabara ya Saskatchewan haina kona ya kusingizia.
Mia na tano, usukani unashikwa na homa;
mia na ishirini, kimya,
kama mtu aliyeulizwa kinachomliza.

Orest hakugusa spana. Aliuliza:
"Kinatetemeka kipi, usukani au kiti?"
Usukani.
"Basi ni mbele."

Akalipeleka gurudumu la kushoto nyuma, la nyuma mbele,
akanituma barabarani na baridi yangu.
Nikarudi: usukani umetulia, sasa ni kiti,
mtetemo umenipanda mgongoni.
"Safi," akasema, kana kwamba nimemletea habari njema.

Akalifungua, akalilaza kifudifudi.
Ndani ya rimu, donge la udongo,
gumu kama jiwe, na majani mawili ya nyasi.
"Ulipita wapi na matope haya?"

Canora. Makaburini, Oktoba, mvua.
Niliirudisha pikapu kinyumenyume hadi ukingoni
kwa sababu jeneza la baba lilikuwa zito
na wabebaji tulikuwa wanne.

Bisibisi moja tu. Likaanguka sakafuni, pu,
likapasuka vipande viwili.
Orest akanyoosha mkono kuuchukua ufagio.
Nikamwambia angoje.