Kilichobaki Nyuma ya Jicho

Saa kumi na mbili asubuhi, Chorzów, theluji ina masizi.
Bogumiła yuko juu, kwenye kibanda cha kreni,
chai yake imekwisha kupoa.
Anabonyeza kitufe. Umeme unaingia kwenye sahani nyeusi
pana kama meza ya harusi,
na chini yake lundo linaamka:

bampa, pasi, fremu ya baiskeli, reli iliyopinda,
mlango wa jiko wenye alama ya kidole cha mtu kwenye mafuta makavu,
vyote vinaruka bila hodi.
Chuma hakijui kusitasita.

Babaye, Alojzy, alimfundisha hata kusoma hajajua:
ndani ya chuma mna mitaa, mwanangu,
na kila mtaa umeangalia upande wake, kila mtu na lake,
mpaka sumaku ipite.
Hapo wote hugeuza shingo.
Ikishaondoka, wapo wasiorudi kutazama walikotazama;
ndiyo maana bisibisi yangu huokota pini.
Ukitaka wasahau, wachome hadi wawe wekundu.

Makopo ya bia yamebaki chini, yamelala ubavu.
Usidhani hayasikii. Alumini husikia,
ila kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto:
hugeuka kidogo, kisha huendelea na yake.

Na shaba! Shaba haivutwi.
Lakini Jumapili moja, jikoni, Alojzy alisimamisha bomba la shaba
lililong'olewa bafuni kwa jirani,
akatumbukiza sumaku juu, mama akakinga kiganja chini.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Ilishuka kama inayopita kwenye asali,
haikuguswa na kitu, imezuiwa na mwendo wake yenyewe.
"Kama wewe ukitoka baa," mama akasema.

Kisha akachoma zabibu mbili kwenye ncha za mrija,
akautundika mrija kwa uzi,
akasogeza sumaku.
Zabibu ikarudi nyuma. Taratibu, kwa adabu,
kama bibi asiyetaka kushikwa mkono.
"Maji," alisema. "Maji hukataa. Nasi tu maji."

Wiki iliyopita, hospitali ya Katowice,
muuguzi na fomu yake: una chuma mwilini?
Mzee akacheka hadi akakohoa.
Miaka thelathini na minane kwenye jiwe la kunolea, binti yangu,
niulize ni wapi hakipo.

Ni Bogumiła aliyekumbuka lile jicho jekundu,
kitambaa chenye maji ya chumvi,
jirani na ncha ya njiti ya kiberiti.
"Kimetoka," wakasema, wakaketi kunywa supu.

Hakikuwa kimetoka. Eksrei ilionyesha nukta
ndogo kuliko punje ya pilipili manga.
Mlango wa ule mtambo mkubwa ukafungwa:
ungekiita, nacho kingeitika,
kikipasua njia yake gizani.

Jioni anasimama kando ya kitanda.
Anatoa mfukoni ile sumaku ya umbo la kwato,
rangi yake nyekundu imebanduka,
anaiweka dirishani, mbali,
ndipo anainama kumbusu.

Damu nzito kuliko maji, na damu ina chuma;
mbona haiikimbilii sumaku?
Alipomuuliza, utotoni, baba hakujua.
Akaja kusoma mwenyewe, ukubwani:
damu iliyoshiba pumzi husukumwa mbali, kidogo tu.
Ile iliyochoka, inayorudi bila hewa,
ndiyo inayovutwa.

Anamhesabia pumzi. Anapoteza hesabu. Anaanza upya.

"Shaba leo kilo bei gani?" mzee anauliza, macho kayafumba.
"Imepanda," anasema.
Haijapanda.