Kifurushi cha Mizani

Manyunyu ya Julai, mlima haujaonekana tangu Jumatatu.
Ndeonasia, karani wa chama cha msingi kule Uru,
ameingia dukani kwangu Kiusa
na daftari ndani ya mfuko wa unga uliofuliwa,
daftari lililovimba, kilo zimeyeyuka kuwa wino.
"Eliamringi anasema alileta sitini.
Mimi hapa naona sita, na doa."

Anataka programu. Anaitamka kama mtu anayeulizia dawa
iliyompona jirani.
Mwaka juzi aliuziwa moja na kijana mwenye tai:
ikaishi miezi kumi na miwili, ikadai fedha,
ikafunga mlango, kilo za watu zikabaki ndani.

Zipo za huria, namwambia.
"Za bure?"
Si bure ya sampuli ya sabuni. Huria:
unaipasua, unaona utumbo wake,
unakata, unashona, unampa jirani,
na hakuna wa kukushitaki.
Ananitazama ninavyomtazama mimi
anayeniuzia simu isiyo na boksi.

Haya, tunatafuta. Tunaandika mizani, tunaandika kahawa,
vinamwagika vifurushi mia mbili na kumi na vinne,
kimoja jina la mnyama, kingine la tunda,
kingine herufi tatu zilizogombana.
Havina harufu. Huwezi kuvibonyeza kama parachichi.

Namfundisha nilichojifunza kwa kuumia.
Nyota usizihesabu kwanza; hata ugomvi hujaza watu.
Tazama ni lini mara ya mwisho mtu alifagia:
hiki, miaka sita hakijaguswa, ni nyumba ya marehemu.
Soma faili la Nisome. Likianza kwa kujisifu, geuka;
likikwambia "haya siyawezi," vuta kiti.
Soma maswali ya waliokwama kabla yako,
uone kama walijibiwa, na kwa sauti gani.
Leseni pia, ndiyo, yote.
Na uliza kinakuja na nani, maana kifurushi hakisafiri peke yake,
kina ukoo wa thelathini nyuma yake,
na shangazi mmoja mgonjwa
anatosha kusimamisha harusi.

Hapo akacheka, akasogeza kigoda.
"Kumbe ni mfongo."
Kwao mfereji hauna mwenyewe, una zamu.
Maji hupita migombani kwa mwenye shukrani na asiye nayo,
ila siku ya kuzibua, jembe lako lisipoonekana,
jina lako watu hulikumbuka vizuri sana.

Nilikuwa na mfano wangu mzuri nimeuandaa. Nikaumeza.

Saa kumi tulikipata. Kidogo, jina kama mlio wa chura,
watunzaji watatu, mmoja kajibu mtu juzi.
Kinajua gramu, kinajua pauni.
Debe hakilijui.
"Basi hakinijui mimi," akasema, akafunga daftari.

Ngoja. Hapa ndipo bure na huria huachana njia.
Nikafungua msimbo, mstari wa mia na arobaini na moja,
penye orodha ya vipimo.
Akaniamuru: andika debe. Andika na uzito wake,
si wa maji, wewe, wa kahawa ya maganda, iliyokauka!
Tukabishana. Akampigia simu mpimaji wa chama,
naye akabishana na sisi wote wawili.
Kwenye jina la mchangiaji nikataka kuweka la duka.
Akauondoa mkono wangu kwenye kibodi,
akaandika kwa kidole kimoja,
N, kisha D, kisha akatafuta E ilipojificha.

Siku tisa kimya.
Ya kumi, jibu, kutoka kwa mtu ambaye kwake ni usiku:
"Asante sana. Samahani, debe ni nini?"

Hajajibu bado. Msimu umeanza, yuko Uru anapima.
Anasema kwanza apige picha debe lenyewe,
lile la mafuta ya taa,
lililobonyea upande wa kushoto.