Andika Saa, Usiandike Hasira

Bi Mdachi wa ustawi wa jamii, ofisini kwake Makole,
alinisukumia kaunta buku lenye mgongo mwekundu,
akasema: Andika saa, usiandike hasira.
Hasira hakimu anazo za kutosha, kila asubuhi anapelekewa.

Basi naandika.
Jumamosi. Aliahidi kuwarudisha saa kumi.
Waliingia saa tatu usiku, vumbi la Nkuhungu limewajaa kwenye kope,
Chilewa amelalia mgongo wa bodaboda.
Sikuandika nilivyosimama getini
nikihesabu taa za pikipiki. Ishirini na sita.
Ya ishirini na saba ndiyo ilikuwa yao.

Baba yao mnamjua. Nyote mnamjua.
Mtaani anasalimia mpaka kuku.
Msibani anabeba maturubai, harusini anashika kamati.
Alikwenda kwa mchungaji, akalia,
akaomba radhi kwa makosa yangu.
Nyumbani ukimya wake ulikuwa na kufuli,
siku nne, siku tisa,
nasi watatu tukinyata na bakuli la mlenda,
tukitafuta nani kati yetu amepoteza ufunguo.

Wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi. Ndivyo wanavyoniambia.
Mimi si tembo, waungwana.
Nimekuwa nyasi miaka kumi na mmoja.
Ninachoweza sasa ni kuzilalia nyasi ndogo,
miguu ikija inikute mimi kwanza.

Nyemo ana miaka tisa. Ana vicheko viwili,
cha kwa baba na cha kwa mama.
Kanunuliwa baiskeli ya rangi ya zabibu,
ila hailali kwangu; hilo ndilo sharti.
Juzi namsuka, kioo kiko mkononi mwake, akasema:
"Baba kasema nikwambie umwambie hakimu ukweli.
Kasema ukishinda, yeye hatakula tena.
Mama, mtu asipokula, anakufa siku ya ngapi?"

Nilisuka. Mistari miwili nilisuka bila kuiona.
Kisha nikasema:
Mdomo wako si bahasha, Nyemo.
Ukipewa ujumbe, uache pale mlangoni, penye kandambili.
Mimi na yeye tuna simu, tuna wakili, tuna karani wa mahakama.
Kula kwake ni kazi yake, ana mikono.
Wewe una meno ya kupiga mswaki na jedwali la saba.

"Na nikimpenda?"
Mpende.
"Hata leo?"
Hata leo.

Lile neno lilinikwaruza koo kama mwiba wa mgunga
likipita kutoka.
Nikaenda uani, nikafungulia bomba la simtanki,
maji ya mgao, maji ya kuhesabiwa kwa ndoo,
nikayaacha yamwagike yafunike sauti yangu.
Jirani aliona. Dodoma hii maji hayamwagwi hivyo.
Hakuuliza.

Mjomba wangu, kule Hombolo, alikuwa akipogoa mizabibu.
Kisu kikishapita, tawi hutoa machozi,
tone, tone, asubuhi mpaka jioni.
Hakulifunga kitambaa, hakulipaka kitu.
Alikaa tu pembeni na fimbo, siku nzima, juani.
Nilikuwa mdogo, nikamuuliza: Unafanya nini hapo?
Akasema: Nazuia mbuzi.

Jumapili. Saa kumi na mbili kasorobo. Wamerudi kwa wakati.
Nyemo amepita mlangoni, amesimama kidogo penye kandambili,
midomo ikicheza bila sauti,
kisha ameingia kuuliza chakula.

Hasira ipo, Bi Mdachi. Sijaiandika.
Imekaa kizingitini kwa nje kama mbwa, macho wazi,
na haijamng'ata mtoto.

Chilewa, aliyezoea kulala na viatu
asije akaitwa ghafla upande wa pili,
leo kavua kimoja.
Sijui kama hakimu ataona maana yake.
Nimeandika saa.
Nimeandika kiatu.