Kiti cha Mwisho, Mstari wa Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, theluji imefika vifundoni,
nafungua ukumbi wa michezo wa shule ya Kessler
kwa ufunguo niliokaa nao miaka thelathini na mmoja.
Viti mia mbili na kumi na viwili.
Navijua kama mchunga anavyowajua kondoo wake,
na kimoja kinachechemea.

Hicho hukiweka mwisho wa mstari wa tatu, karibu na mlango,
nikakunja karatasi nikaisukuma chini ya mguu.
Ni cha Bi Odessa. Hajawahi kukikalia.

Leo ni Jumatatu ya Pettiford. Mji mzima unamkumbuka.
Asubuhi kifungua kinywa, tiketi dola kumi na mbili.
Saa nne maandamano, kutoka stesheni hadi daraja la reli,
lile ambalo ng'ambo yake mtu mweusi hakupangishwa nyumba.
Mchana watu wanatoa damu ndani ya basi jeupe,
alasiri vijana wanapaka rangi kituo cha wazee,
na kampuni ya matairi, iliyomfukuza kazi mwaka wa sitini na nne,
imeleta keki yenye uso wake.

Keki yenye uso.
Hakuna aliyethubutu kulikata jicho.
Walianzia kwenye tai.

Meya akasema: alikuwa taa.
Mkuu wa polisi akasema: alikuwa daraja.
Mwenye benki akasema: alikuwa mbegu.
Mchungaji akafumba macho, akasema chema hakidumu,
kana kwamba kilichakaa chenyewe.

Mimi nyuma, nimeegemea fagio.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, nauza magazeti,
na Lucius Pettiford alinikopa dola mbili za petroli
Jumanne moja penye kona ya Mtaa wa Ferris.
Hakunilipa. Hawakumpa muda.
Asubuhi ya Ijumaa niliuza magazeti yote,
yote, kabla ya saa mbili,
na chenji nyingine wala hawakuidai.

Zikaja insha za watoto.
Keziah Boatwright, darasa la pili, mapengo mawili mbele,
akaitazama karatasi yake, akaigeuza, akaiweka chini.
Akakivuta kipaza sauti hadi mdomoni:
"Alipenda kula nini?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kumstahi mtoto.
Kisha wakangoja jibu.
Meya akamtazama mkuu wa polisi. Mkuu wa polisi
akaitazama keki.

Mlango ukalia nyuma yangu. Uliingia upepo kwanza,
halafu koti la zambarau, halafu Bi Odessa mwenyewe,
akitegemea koleo la theluji kama mkongojo.
Kila mwaka siku hii husafisha ngazi ya kwake,
hasa kidato cha tatu, hadi saruji ionekane.
Sijui leo kimemleta nini. Sikumuuliza.

"Viazi vitamu," akasema. Hakuhitaji kipaza sauti.
"Vilivyoungua kidogo upande mmoja.
Usiku ule vilikuwa jikoni. Alitoka mara moja tu,
kuzima taa za gari.
Viliungua pande zote."

Ukumbi ukanyamaza hata nikasikia mtambo wa joto
ukikohoa chini ya sakafu.
Keziah bado ameshika kipaza sauti.
"Ukavitupa?"

"Nilivila. Siku tatu. Majirani walileta kuku, walileta mikate,
wakavipanga mezani hadi nafasi ikaisha.
Mimi nikala vile, vyeusi vile, na maganda yake."

Akaketi. Kiti kikayumba, akakituliza kwa kisigino
kama mtu aliyeyumbishwa na mengi kuliko hilo.
Mtu akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.
Kisha ratiba ikaendelea; ratiba huendelea.

Jioni nikakunja viti mia mbili na kumi na kimoja.
Kile cha mwisho kilikuwa na maji kwenye kalio,
theluji ya kidato cha tatu, nadhani, iliyoyeyukia kotini.
Kitambaa nilikuwa nacho mkononi.
Nikazima taa,
nikakiacha kikauke chenyewe.