Kichupa cha Nne

Daktari alimpa vichupa vinne na kalamu ya wino usiofutika.
Cha kwanza: ukifumbua macho, kabla ya chai, kabla ya mswaki.
Cha pili: nusu saa baadaye.
Cha tatu: alasiri.
Cha nne: usiku, kabla ya kuzima taa.
Tafuna pamba, ilowe mate, itie ndani, andika saa.

Andika saa! Torun Åkerlund nusura acheke.
Miaka kumi na tisa, ofisi ya manispaa, Luleå,
kazi yake ilikuwa kuandika saa:
kumwogesha mzee Hjalmar, dakika kumi na nne;
kumvisha soksi Bi Sigbritt, dakika sita;
kuzungumza — safu ya kuzungumza haikuwapo.
Muuguzi akiugua, simu humlilia Torun.
Theluji ikifunga njia, simu humlilia Torun.
Aliipokea msalani, aliipokea msibani.
Wenzake wakasema, huyu ana moyo wa chuma.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kisha Jumanne moja ya Novemba, dukani,
mbele ya friji, alisahau maziwa ni nini.
Hakuanguka. Watu hudhani mtu huanguka.
Alisimama tu, boksi mkononi, akisoma herufi
zilizokataa kushikana mikono,
hadi kijana wa duka akamletea kiti.

"Juu ya figo zako," daktari alimweleza, "zipo tezi mbili,
kila moja imekaa kama kofia iliyopinda.
Ubongo ukiogopa, kofia humimina kortisoli,
sukari huingia damuni, moyo hukaza mwendo.
Huo ni msaada.
Ugonjwa ni msaada usiojua kwenda nyumbani."

Mimi ningemweleza kwa lugha yangu:
ni mpiga ngoma wa daku.
Huja kabla ya alfajiri, hugonga, tunaamka, hupita zake.
Ana mwezi wake mmoja, ana zawadi yake ya sikukuu.
Lakini huyu wa Torun, mwezi wa Idi haujamwandamia.
Amepiga adhuhuri, amepiga saa nane za usiku,
amepiga hata ngozi ya ngoma imelegea,
na wenye nyumba wamejifunza kulala ndani ya kelele.

Basi akatafuna. Asubuhi,
ingawa asubuhi ya Desemba kule ni bluu hafifu ya saa nne
na saa nane giza limeshabisha hodi tena.
Birger, mumewe, alivipanga vichupa kwenye friji
baina ya siagi na samaki wa siki, hakuuliza kitu.
Usiku, kwa kichupa cha mwisho, kinywa kilikuwa jangwa.
Aliitafuna pamba kama mtu atafutaye jina
alilokuwa nalo sasa hivi ulimini.

Barua ilifika baada ya wiki tatu.
Cha kwanza: ndani ya kiwango.
Cha pili: ndani ya kiwango. Cha tatu vivyo hivyo.
Alilia hapo hapo jikoni, na koti mwilini.
Kama mate hayana kosa, mwenye kosa ni nani?

Daktari akapiga simu, akasema polepole,
akijua maneno nayo humchosha:
"Kipimo ni dirisha dogo, Torun. Kimeona siku moja.
Miaka kumi na tisa hakikuiona.
Mimi uchovu wako niliuamini kabla yake.
Na usikimbilie kupona. Huko nako ni kukimbia."

Chini kabisa mwa barua ulibaki mstari mmoja:
*Kichupa cha nne: mate hayakutosha. Tafadhali rudia.*
Mkono ulikwishanyanyuka kutafuta kalamu
— mkono una mazoea yake —
ukatua.
Akaikunja barua mara nne, akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza,
meza iliyoyumba tangu Krismasi ya mwaka juzi
pasipo mtu mwenye dakika ya kuitengeneza.
Akaweka kikombe juu. Chai haikumwagika.
Nje, Birger alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.
Ilikuwa saa ngapi, hakuandika.